Sura ya Kumi na Moja

Asubuhi tunaviringisha majani, safu kumi na mbili za meza,
na Evelio juu ya jukwaa lake la mbao
anatusomea.
Kwanza gazeti: bei ya sukari, nani kafa, timu ipi imefungwa.
Kisha riwaya.

Mwezi uliopita ilikuwa ile ya kanali asiyekosea.
Kanali alivuka mto, hakulowa.
Alipenda mara moja, akapendwa papo hapo.
Hata farasi wake alikuwa na adabu.
Siku ya nne Nereida, mwenye miaka arobaini na mmoja ya kukaa kiti kilekile,
alikiachia kisu chake kikaanguka sakafuni, kang!
nasi tukafuata, vyuma vikalia chini kama mvua ya misumari.
Hapa Pinar del Río ndivyo tunavyokataa kitabu.

Safari hii ni karani wa forodha.
Ana kitambi, ana madeni, anamwonea wivu kaka yake
hata kwa jinsi anavyomenya chungwa.
Ameshatuambia aliiba saa ya marehemu baba yao
akatazama mtumishi akifukuzwa kwa wizi ule,
akatazama mpaka mwisho wa barabara, kanga ya kuku mkononi mwa yule mama,
na saa ikitembea mfukoni mwake.
"Msinipende," anasema, "ila msiondoke."
Hatuondoki. Nashangaa.
Mtu kama huyu angekuwa jirani yangu
ningefunga mlango kwa makomeo mawili.

Jana Evelio alisita,
akafuta miwani kwa ncha ya shati, akasoma:

"Kule nyuma niliwaambia nililia mazishini.
Sikulia. Nilikuwa nikihesabu viatu,
nione nani kavaa vya kuazima.
Nimelala siku tatu na uongo huo, nimeshindwa."

Kimya.
Jani la tumbaku likakaa kiganjani mwangu, nusu limekunjwa.
Kisha kisu kimoja kikagonga ubao. Kikajibiwa.
Ukumbi mzima tukagonga, ko, ko, ko,
mpaka vumbi likashuka kutoka kwenye boriti.

Sijui kwa nini mwongo akiungama
namwamini kuliko yule ambaye hajaongopa kamwe.
Kanali alinitaka nisimame wima, nipige saluti.
Karani amenisogezea kiti,
tena kiti chenyewe kibovu, na amesema kibovu.

Usiku nilimwandikia dada yangu Odalys, aliyeko Camagüey.
Niliandika: nilikuambia nilimshika mama mkono
alipokuwa akikata roho.
Nilikuwa uani, navuta sigara niliyoiba kiwandani.
Halafu, baada ya kalamu kukaa hewani muda mrefu:
na ilikuwa tamu.

Barua ingali chini ya kopo la kahawa.
Stempu ninayo.
Kesho ni sura ya kumi na mbili.