Gurudumu la Kulia

Tulipoachana, mwanasheria aliandika:
nyumba kwake, mbwa kwangu,
mashua zamu kwa zamu, wiki mbili mbili.
Kilo mia tatu na arobaini, mlingoti ukilazwa.
Ndoa ilikuwa nzito kuliko hiyo.

Basi kila Jumamosi ya pili, saa tatu asubuhi,
nakutana na Alasdair penye pampu ya dizeli,
barabara ya Baddeck.
Anafungua tela kwake, nafunga kwangu:
kulabu, mnyororo, waya wa taa.
"Kushoto?" "Inawaka."
"Kulia?" "Inawaka."
"Breki?" "Inakonyeza tu."
Murdena wa kaunta anatuchungulia dirishani,
akingoja mmoja wetu apayuke.

Kurudisha tela majini ni elimu ya ukaidi.
Ukitaka liende kushoto, geuza kulia;
ukiharakisha, linajikunja kama jongoo.
Miaka kumi na mmoja usukani alishika yeye,
mimi nimesimama gatini napunga mikono,
naambiwa sijui hata kupunga.
Machi hii nilijifunza peke yangu
kwenye uwanja mtupu wa kanisa, theluji ikiyeyuka,
ndoo mbili za rangi zikiwa ndilo gati.
Ndoo zile sasa ni bapa.

Leo nashuka mteremko polepole,
magurudumu yanakunywa chumvi,
na mashua, bila kuaga, inaelea.
Naivuta kwa kamba moja kama mbuzi mpole.
Mlingoti juu, pini, waya, tanga;
nusu saa, na kidole kimoja kimechubuka.

Haina makuu. Ukikaa wima ndani, unagonga kichwa.
Mkuku wake ni ubao tu: ukiuvuta,
inapita maji ya magotini,
inaingia vihori ambavyo meli za wenye pesa
huvitazama kwa darubini.
Usiku maji yakapwa chini yangu,
tukaketi juu ya matope, mimi na yeye,
kama kuku juu ya mayai,
misonobari imetuzunguka, haisemi.

Nikipekua kabati nitafute kiberiti
nikakuta glavu yake, moja,
dagaa wa kopo,
fundo lililofungwa kwa mkono wa kushoto
(hilo nililifungua kwa meno, nikimtukana),
na juu ya plaiwudi, kwenye kipande cha tepu,
maandishi ya penseli:
*Gurudumu la kulia linalia. Zima redio usikie.*

Dagaa niliwala.

Jumapili, njiani kurudi, nilizima redio.
Kilomita ishirini, kimya. Nikasema, uzushi wake tena.
Kisha kwenye mwinuko, baada ya daraja,
sauti nyembamba,
kama mtu anayejizuia chumba cha pili.
Kweli. Linalia.

Nikaegesha kando, mvua ya manyunyu,
nikatoa kopo la grisi chini ya kiti,
lile ambalo Juni niliacha tupu, kwa makusudi.
Lilikuwa limejaa hadi ukingoni.