Mfuko wa Kulia

Simu ya Nanuli ilimponyoka darajani,
hapo Kutaisi, akitafuta sarafu za mkate.
Chubwi. Mto Rioni ukaendelea na safari zake.

Siku ya tatu sasa, na mkono bado haujapewa habari:
unaingia mfuko wa kulia wa aproni,
unapapasa, unatoka na ganda la alizeti.
Paja linatetemeka lenyewe, kama limepigiwa.
Saa nane usiku kaamka kuichaji,
kabaki ameshika waya.

Namba aliyoikariri ni moja tu,
ya nyumba waliyoihama akiwa na miaka tisa.

Picha, sawa, nakala ziko kwa binamu.
Lakini mle alikuwamo Jumberi, kaka yake,
sekunde sita, wiki moja kabla ya moyo kumsimama,
yuko sokoni, anafoka:
"Jibini ya chumvi au isiyo na chumvi? Nanuli! Pokea!"

Leo jirani Eteri, kaona kimya kimezidi,
kapanda ngazi, kagonga kwa kiwiko.
"Naenda sokoni. Jibini ya chumvi, au?"

Nanuli kakaa palepale kizingitini,
kacheka mpaka aproni ikalowa.
"Ya chumvi," kasema. "Mwambie ya chumvi."
Mkono ulikuwa mfukoni.