Dakika Saba

Kinazima. Kinawaka. Kinazima tena
kile kisanduku cheusi kabatini, huko Tartu,
na Ülo, miguuni soksi tu, anahesabu: dakika saba.

Diski ya kwanza kaichomoa. Ya pili.
Vumbi kalipuliza, waya kabadilisha,
kakigusa ubavu kama wa mgonjwa wa homa,
kumbe baridi. Basi joto halimo lawamani.

Saa nane usiku akaacha kutafuta ugonjwa.
Dakika saba ni dakika saba:
akanakili harusi. Kikazima.
Akanakili theluji ya mwaka ule. Kikazima.
Akanakili Maarika akimenya viazi,
akisema, “Zima hiyo ka—”

Kulipokucha akapima adapta:
volti tisa badala ya kumi na mbili.
Kitu cha yuro kumi na nne.

Akavaa viatu,
akaketi na ile nusu ya neno
kungoja duka lifunguliwe.