Zamu

Miezi kumi na minne tumeujenga mchezo
na bado hauna jina.
Kwenye faili unaitwa "mpya_mpya_wa_mwisho_3".

Chumba chetu Mabatini, mlimani kwenye mawe:
mwenye nyumba alijenga kuta tatu,
ukuta wa nne akaukuta.
Ng'wigulu ameegemea huo, kompyuta mapajani, chaji asilimia tisa,
anasoma orodha nyuma ya risiti ya magunia ya dagaa.

"Himaya ya Ziwa."
Hiyo ni kampuni ya minofu.
"Vita Kuu vya Nyanza."
Vita gani? Humu hamna bunduki,
kuna mialo saba, mitumbwi, ghala la chumvi,
na gugu maji linalosogea mraba mmoja
kila unapojidai unafikiri.
"Isolo Mpya." Isolo ina wenyewe.
"Mkakati."
Ah, hiyo semina. Watauliza posho iko wapi.

Jina likiahidi damu, mtu atafungua atafute damu;
akikuta chumvi na hesabu, ataufuta
kabla mtumbwi wake wa kwanza haujaloa.
Likiwa refu, simu italikata kiunoni:
tutabaki na "Vita Kuu vya Nya",
na mtu wa Kahama ataapa ni nyanya.

Tukanyamaza. Jenereta ya kinyozi ikakohoa.

Akaja Bhoke wa chumba cha pili, miaka tisa,
tuliyemjaribishia kila toleo bila kumlipa hata andazi.
Jana aliipoteza Ukerewe kwa pupa;
usiku, mama yake anasema, aliweweseka akihesabu mialo.

"Naomba ile Zamu ya Nani."
"Ile nini?"
"Si ndivyo inavyouliza kila saa?
Na mimi nikichelewa kujibu, gugu linajibu."

Maneno yale niliyaweka mimi, pembeni, kwa muda,
herufi ndogo za kijivu,
nikisubiri kupata ya maana.

Zamu ya kucheza.
Zamu ya kukesha Mwaloni, kulinda nyavu na injini.
Ipo na ya tatu; hiyo wachezaji watajisemea wenyewe.

Asilimia mbili. Ng'wigulu akaikunja risiti,
akaandika haraka haraka,
alama ya kuuliza akaisahau.
Iwepo, nikasema. Isiwepo, akasema.
Bhoke akasema tumpishe acheze,
na kioo kikazima.