Fremu ya Mia na Nane

Maktaba niliyoifungua usiku huu haina rafu wala vumbi.
Ina amri tu, fupi kama majina ya utani:
chora, ngoja, futa, chora tena.
Unaipa jedwali la namba, safu kwa mistari,
inakurudishia kitu kinachopumua.

Namba ni za Masika. Usiku tisa kule Bulengo,
vijiti arobaini na vinane kati ya mawe meusi,
kipimo kwenye ncha ya fimbo ndefu,
tangu jua kuzama hadi saa kumi na moja alfajiri,
akiandika kwenye daftari la hesabu la mwanawe
hewa isiyo na rangi wala harufu,
ile tunayoiita mazuku.

Mara ya kwanza niliiachia mashine ijichagulie rangi.
Ikanidanganya. Kila fremu ilijipima kivyake,
jioni ikaiva sawa na alfajiri,
hakuna kilichosogea.
Nikashika chini, nikashika juu, nikapigilia misumari:
sifuri iwe njano siku zote,
kifo kiwe zambarau siku zote.
Ndipo ikatembea.

Saa mbili, doa.
Saa sita doa limeota kiuno.
Saa tisa linateremka, halina haraka,
kama mgeni anayeijua nyumba,
hadi kwenye bonde dogo nyuma ya jiko la Mama Ndoole,
penye njia ya kwenda ziwani.

Na humo bondeni, fremu ya mwisho, kisanduku cheupe.
Namba haipo.
Maktaba ina amri ya kuziba: inawauliza majirani wanne,
inajumlisha, inagawa, inapaka.
Hakuna atakayejua.

Nikampigia Masika. Akanyamaza, nikasikia sufuria.
"Hapo sikupima. Kidumu kilikuwa kimelala njiani,
na mwenye kidumu kando yake.
Fimbo niliitupa. Nilishika miguu yake, nikavuta."
Anaendeleaje?
"Anakula. Lakini hatoki tena kabla ya jua."

Nimekiacha cheupe.
Umeme umekatika, betri ina dakika ishirini.
Kesho tutatundika shuka ukutani kwa Mama Ndoole,
tuwaonyeshe majirani, wale wa kweli.

Sasa naitazama peke yangu, sauti ya feni ya kompyuta tu.
Mia na saba. Mia na nane. Cheupe.
Halafu kitanzi kinarudi mwanzo:
jioni ya kwanza, bonde lote njano,
na mtoto hajatumwa maji.