Mafuta Yaliyoganda

Simu ililia kabla sijafungua kufuli la gereji,
Keko, saa kumi na mbili na nusu, mwezi wa saba.
"Fundi Mwasiti, limegoma."
Imelda Tweve huyo, kutoka Makete,
maneno yakimtoka na meno yanagongana.

Betri? "Ipo."
Stata inazunguka? "Inazunguka, inakohoa, inanyamaza."
Moshi? "Hata wa kusingizia."
Kisha akataja kitu ambacho mimi nakijua cha kwenye jokofu:
"Nje kuna barafu, fundi. Nimefungua kikombe cha filta,
dizeli imekuwa nyeupe kama uji wa jana."

Mimi mtoto wa Keko. Miaka kumi na tisa
nashika spana zinazounguza kiganja ifikapo saa sita.
Najua injini iliyochemka, rejeta iliyopasuka,
gasketi iliyokauka kama pweza aliyeanikwa.
Baridi sijawahi kuitengeneza.

Nilisimama, funguo mkononi, sina la kusema,
na salio lake linakwenda.
Jicho likaangukia rafu ya dirishani,
kwenye chupa ya mafuta ya nazi ninayojipaka jioni
nikishanawa grisi kwa sabuni ya unga.
Yameganda. Kila kipupwe huganda,
nusu maziwa, nusu maji.
Mama alikuwa akiitia chupa kwapani
huku ananisuka, na nikitaka kuipeleka jikoni
ananizuia kwa goti: yataungua hayo,
yape joto la mtu.

"Imelda, sikiliza. Usiwashe moto chini ya tangi.
Kuni mnazo, na vijana watakushauri. Usiwashe.
Chemsha maji. Funga gunia kwenye filta,
umimine taratibu, kama unaogesha mtoto wa siku saba.
Nyeupe ikirudi kuwa ya dhahabu,
legeza nati ndogo ya chini, maji yatoke,
maana ndiyo yaliyotangulia kuganda.
Halafu skrubu ya juu, na pampu ya mkono,
toa upepo mpaka mapovu yaishe.
Na tangi lijaze jioni. Tangi tupu
hulala linapumua, na pumzi ya usiku ni maji."

Hapo nikashusha sauti,
maana mafundi wa jirani walikuwa wanafungua.
"Na utie mafuta ya taa. Lita moja kwa kumi za dizeli."

Kimya. Halafu kicheko, na meno ndani yake:
"Si ndiko kuchakachua huko, fundi?"

Ndiko. Kuna mtu wa kituo namjua kwa jina na kwa gari,
aliua pampu tatu nilizozifungua kwa mikono hii,
akiuza mafuta ya taa kwa bei ya dizeli.
Nilimtukana mbele ya mkewe.
Na sasa ndiyo mimi, kwa simu,
naipandisha mlimani dhambi ile ile.
"Huku ni wizi," nikamwambia, "huko ni blanketi.
Pima kwa kopo. Usikisie."

Akakata, au salio lilikwisha.
Nikafagia. Hamduni akaleta chai na vitumbua,
akauliza kwa nini nimekumbatia chupa ya mafuta.
Sikumjibu. Barabarani malori ya mafuta
yalikuwa yanatoka Kurasini yakivuja jasho,
na hakuna dereva aliyevaa sweta.

Saa mbili na robo simu ikalia tena.
Hakuna mtu: kikohozi, kikohozi,
kisha ngurumo, nzito, imesogezwa karibu na spika
mpaka Hamduni akageuka kutazama mlangoni.

"Lori la viazi limeondoka bila yetu," alisema Imelda,
wala hakulalamika.
Nikamuuliza mikono yake.
"Vidole sivisikii, fundi."

Chupa yangu ilikuwa imeshayeyuka.
"Vitie kwapani," nikamwambia.