Diski ya Nne

Barua ya tatu kutoka Duluth,
mwandiko uleule uliolalia kushoto:
"Msimu wa pili, diski ya nne,
dakika ya ishirini na mbili picha inaganda."

Ofisini Burbank, Anahit anajua.
Toleo zima lilitoka kiwandani na kovu,
na wakubwa wamesema: anayelalamika mtumieni nyingine,
aliyelala msimwamshe.
Mara mbili wamemtumia nyingine:
kovu lilelile, plastiki mpya.

Leo zimefika zilizotengenezwa upya.
Anaijaribu moja kabla ya kufunga bahasha.
Mgahawa. Mhudumu anacheka. Nyuma yake
mzee wa koti la kijivu anapita,
hatua tatu, mlango, basi.
Picha inateleza kama sabuni.

Barua ya nne:

"Asanteni, haikwami tena.
Yule mwenye koti ni Einar wangu,
walimlipa dola arobaini na chakula cha mchana.
Kwenye ile mbovu alikuwa anasimama,
mguu hewani,
mpaka nizime mwenyewe.
Kama hamjaitupa, nirudishieni."

Fomu ina visanduku viwili tu:
Imebadilishwa. Imekataliwa.
Kalamu ya Anahit
imeganda.